Fundi wa Mnunuzi

Stratford, London
2 Februari 2025

Shemeji Telesphor,

Kamwene! Najua hutaitikia salamu ya Kihehe, Mngoni wewe, maana hata simu hupokei. Kila nikipiga Nancy ananiambia upo bafuni. Mume gani anaoga wiki nzima? Basi nimeamua kukuandikia barua, kama tulivyokuwa tunaandikiana na dada yangu huyo nilipokuwa shule ya bweni. Stempu nimeweka ya daraja la kwanza ili usije ukasema imechelewa.

Jambo lenyewe ni lile gari. Tangu lilipozimika Januari 22 kwenye barabara ya North Circular, limelala hapa mbele ya nyumba na halina dalili ya kuamka. Muuzaji wa Kingsbury anajifanya hanijui. Sasa Tatiana, yule Mkenya ninayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee majumbani, amenifungua macho. Anasema hapa ukilipia kitu kwa kadi ya mkopo, hata kama ni sehemu tu ya bei, kikiwa kibovu kampuni ya kadi nayo inawajibika. Mimi Oktoba nililipa malipo ya kwanza kwa kadi, unakumbuka, ulikuwa umesimama pembeni yangu. Nimewapigia, wamefungua jalada. Wanachotaka ni uthibitisho kwamba ubovu ulikuwepo tangu siku niliyonunua.

Na siku ile nani alilikagua? Si fundi wa kuokota barabarani. Ni shemeji yangu mwenyewe, aliyekuwa na gereji Mshindo, Iringa. Niandikie karatasi moja tu ya ulichokiona.

Hela nazitaka, sikufichi. Lakini kuna kubwa kuliko hela. Asubuhi ile nilikuwa nakwenda kumwamsha Bibi Rupa, yule Mhindi wa Mwanza niliyekusimulia, anayenisema kwa Kiswahili kuliko mama yangu. Nilikwama barabarani, nikapiga simu ofisini haikupokelewa. Yeye akasubiri, akachoka, akainuka peke yake, akaanguka koridoni. Alilala sakafuni saa tatu nzima. Nyonga imevunjika. Ofisi wananichunguza, wanataka kujua kama nilikuwa najua gari ni bovu. Wasiposikia kwa fundi watasema ni uzembe wangu, na mtu mwenye uzembe kwenye faili lake hapa hapewi mzee mwingine.

Msalimie Nancy. Toka bafuni.

Shemeji yako,
Vaileth

*

Rayners Lane
9 Februari 2025

Shemeji Vaileth,

Kamwene, nimeitikia. Pole sana kwa yaliyompata Bibi Rupa. Nimesoma sehemu ile mara mbili nikashindwa kumaliza chakula.

Simu sikupokea kwa sababu ghalani kazi zimetubana. Jumamosi nazo, kama unavyojua, nipo kwenye kile kibarua cha gereji.

Kuhusu karatasi unayotaka. Shemeji, injini haina huruma. Ukisahau maji, inaunguza gasketi inayotenganisha maji na oili, hata kama gari limetoka kiwandani jana. Ulipolileta kwangu mwanzoni mwa Januari limechemsha nilikwambia uwe unaangalia maji kila asubuhi kabla ya kuwasha. Sisemi kwamba hukuangalia. Nasema tu kwamba watu wa kadi watauliza hivyo hivyo, na wana mafundi wao wenye vyeti, mimi cheti changu ni cha mikono. Karatasi yangu itakuharibia.

Ushauri wangu, achana na hayo mambo ya majalada. Nitakuja mwenyewe, nitalifungua, nitalitengeneza bila kukutoza hata senti. Ukiniachia mimi utapumzika.

Wasalimie majirani. Waulize kama mbwa wao wote bado wapo, maana Wahehe mkiwa na mawazo mnapata hamu ya nyama.

Ni mimi,
Telesphor

*

Stratford
17 Februari 2025

Shemeji,

Mbwa wapo wote, ila Mngoni akija kututembelea tutaficha pombe.

Nimecheka kidogo, halafu nikaacha. Ulichosema kuhusu maji kimenikaa. Asubuhi ile sikuangalia. Nilikuwa nimechelewa dakika tano, nikasema moyoni ah, jana niliangalia. Dakika tano hizo, shemeji! Nimemwambia msimamizi wangu ukweli huo na ameuandika. Jumapili baada ya misa nilikwenda hospitali nikampigia magoti Bibi Rupa, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Haya, nimekusamehe, kaa chini unichane nywele." Hii ni Jumapili ya nne namwomba. Kila nikitoka naona bado haitoshi.

Sasa sikia na haya. Watu wa kadi walileta mkaguzi, kijana mpole tu, akalifungua gari hapa hapa barabarani. Anasema gasketi ilianza kuvuja zamani, lakini zamani ya lini hawezi kuapa, kwa sababu amekuta ndani ya rejeta dawa ya kuziba mivujo. Muuzaji ameulizwa, anajibu kwamba yeye aliuza gari zima, na kwamba dawa aliiweka fundi wangu mimi. Halafu ametoa karatasi. Ina sahihi yako, na chini yake pameandikwa "fundi wa mnunuzi", gari limekaguliwa, halina tatizo.

Mimi sikukuona ukisaini. Nilikuwa ofisini kwake nakunywa chai na biskuti zake. Si kitu, ulisaini kwa ulichokiona, na lililofichwa ndani usingeliona. Ila niambie hili moja tu: Januari uliweka maji peke yake, au uliweka na kitu kingine? Ukisema maji tu, nitajua dawa ni ya muuzaji na nitawabana.

Vaileth

*

Rayners Lane
21 Februari 2025

Shemeji,

Niliweka maji tu.

Nancy anakutumia dagaa waliotoka Mbamba Bay, amewafunga vizuri, wasije wakanuka ndani ya treni anayekuletea akashushwa. Nina haraka ya shifti.

Telesphor

*

Stratford
5 Machi 2025

Shemeji yangu Telesphor,

Dagaa wamefika, na tumewala mimi na Tatiana mpaka tukasahau shida kwa nusu saa.

Watu wa kadi wamekataa. Barua yao ni ya ukurasa mmoja na nusu, ya adabu sana. Wanasema maneno ya muuzaji na karatasi yenye sahihi ya fundi wa mnunuzi yana uzito kuliko maneno yangu. Wamenipa nafasi ya kuleta ushahidi mpya, lakini ushahidi mpya nitautoa wapi? Nimechoka.

Ofisini wameniondoa kwenye ratiba. Siyo kufukuzwa, wanasema, ni kusubiri uchunguzi uishe. Nakaa nyumbani naosha vyombo vilivyo safi. Mama amepiga simu kutoka Iringa anauliza kwa nini sauti yangu ni ndogo, nikamwambia ni mafua.

Ila kuna jambo nataka ulijue, kwa sababu lilinipa furaha kidogo. Yule dada wa kampuni ya kadi aliniuliza kwenye simu, "Una hakika fundi wako hakuweka hiyo dawa?" Nikamwambia, dada, huyo ni mume wa dada yangu. Alimlipia mama yangu nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili kabla hata hajamuoa Nancy. Unaweza kusema Wangoni ni walevi, ni wabishi, ni wapenda vita, lakini huyo mmoja hawezi kunidanganya mimi. Nilisema hivyo na nikasikia vizuri moyoni, hata kama haikusaidia.

Basi nimekubali kwamba kosa ni langu, la zile dakika tano. Nitawaandikia ofisini niseme hivyo, wafunge faili. Nakushukuru kwa kila kitu.

Vaileth

*

Rayners Lane
9 Machi 2025

Vaileth,

Usiwaandikie ofisini. Soma hii kwanza, yote, hata ukitaka kuichana.

Niliweka dawa. Januari, ulipokuwa jikoni na Nancy mnakunja chapati, niliimimina kwenye rejeta nikaitupa chupa kwenye pipa la jirani. Nilipewa na muuzaji wa Kingsbury. Nilikudanganya kwa maneno matatu, na nilipoyaandika sikusita hata kidogo. Hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe.

Sasa nirudi Oktoba. Wewe ulikuwa ndani unakunywa chai. Mimi nilifungua kifuniko cha oili, na chini yake nikakuta uji mweupe, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Hata kijana wa wiki ya kwanza gereji anajua maana yake: maji yanaingia kwenye oili, gasketi imekwisha. Nikainua macho. Muuzaji alikuwa ananitazama, na akajua kwamba nimeona. Hakukasirika. Aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia Iringa, miaka kumi na nne. Akasema, "Wewe ni fundi hasa. Hawa vijana wangu hawaoni kitu mpaka mashine iwaambie. Nina nafasi nyuma hapa siku za Jumamosi, ukitaka anza wiki hii."

Vaileth, nina miaka kumi na moja katika nchi hii, na hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi isipokuwa ninyi ndugu, na ninyi mnasema kwa huruma. Ghalani naitwa kwa namba. Nilipomsikia mtu yule nilihisi joto kifuani. Halafu akaongeza taratibu kwamba gari lina miaka miwili mbele yake, hakuna haja ya kukutisha. Nikatoa leso nikafuta kile kifuniko. Akaniletea karatasi, nikasaini. Ukatoka ukaniuliza, "Vipi?" Nikakujibu, "Zuri, chukua."

Hakunipa hela. Afadhali angenipa. Mtu akiiba kwa njaa watu humwelewa. Mimi nilikuuza kwa ovaroli. Kwenu nilisema tu nimepata gereji, sikusema ya nani; Nancy akanipiga picha nikiwa nimeivaa, akaituma Iringa, mama yako akaniombea.

Gari lilipozimika nilijua saa ile ile. Uliponiandikia habari za Bibi Rupa nilijua ni nani aliyemlaza sakafuni, na bado nikakaa mezani nikakuandikia habari za maji. Hukuua gari. Ungejaza maji kila saa, lingekufa tu. Hizo dakika tano nilizipanda mimi kichwani mwako ili nipate pa kujificha.

Nimeambatanisha karatasi ya kuwapa watu wa kadi. Nimeandika kama walivyotaka, tarehe na saa. Nimewaambia kwamba nilipotia sahihi sikuwa fundi wa mnunuzi. Nilikuwa nimeshaajiriwa na muuzaji, dakika kumi kabla. Ujumbe alionitumia jioni ile, kwamba nije Jumamosi na viatu vya kazi, bado upo kwenye simu na nimeupiga picha. Nakala nyingine nimewatumia wao moja kwa moja jana, na nyingine ofisini kwenu, ili usipate nafasi ya kunihurumia ukaificha. Nakujua.

Gereji nimeacha. Nancy nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kulala chumba cha watoto.

Sikuombi msamaha katika barua hii kwa sababu sioni pa kuanzia.

Telesphor

*

Stratford
6 Aprili 2025

Telesphor,

Nimekaa na barua yako wiki nne. Nimeanza kukujibu mara tatu, na kila mara naandika matusi, siyo ya utani.

Watu wa kadi wamebadili uamuzi. Wanarudisha malipo yote na gari wanaliondoa wiki ijayo. Ofisini wameniita, wameniomba radhi, nimerudi kwenye ratiba tangu Jumatatu. Msimamizi alinisomea barua yako kwa sauti, sijui kwa nini, nilikuwa naijua. Nancy alikuja akakaa kwangu siku nne, kisha akarudi kwako. Amerudi kwa sababu zake, usifikiri mimi nilimtuma.

Gari nimekusamehe. Hata uongo wa dawa naweza kuumeza. Ninachoshindwa ni hiki: ulijua nalala na nini, ukaniacha nilale nacho. Nilikuandikia kwamba napiga magoti hospitalini, na wewe ukanitumia dagaa.

Jumapili saba nimemwomba yule mama msamaha. Saba, Telesphor. Kumbe nilikuwa naomba kwa kosa lako. Tangu nipate barua yako sijaenda tena, kwa sababu sijui nikae pale na uso gani. Nikimwambia ukweli nitakuwa nakusema nyuma ya mgongo wako, nikinyamaza nitakuwa nadanganya kama wewe. Wamemhamishia kwenye nyumba ya wazee hapo hapo Rayners Lane, karibu na stesheni. Nancy anasema unapita mbele yake kila asubuhi.

Ingia. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usimpelekee maua, anasema maua ni ya maiti.

Vaileth

*

Rayners Lane
10 Aprili 2025

Vaileth,

Nilikwenda jana, baada ya kazi. Nilizunguka jengo mara mbili kabla ya kubonyeza kengele.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, "Mimi ndiye fundi aliyekagua gari la Vaileth." Akasema, "Ahaa. Vuta kiti."

Nikamwambia yote. Kifuniko, leso, Jumamosi, dawa. Nilidhani nitahitaji kumweleza gasketi ni nini, akanikatiza, "Marehemu mume wangu aliuza vipuri Mwanza miaka ishirini. Gasketi naijua kabla wewe hujazaliwa. Uliona uji mweupe?" Nikasema ndiyo. "Ukafuta?" Ndiyo, mama. Kisha akasema, "Ungemwambia asilinunue, mtoto yule angekuja kwa basi. Basi lingechelewa, lakini lingefika." Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na mhudumu alipochungulia mlangoni Bibi alimpungia mkono aende zake.

Nilipomwomba msamaha hakunijibu. Hajanijibu mpaka sasa, na sikumbana. Aliniuliza habari zako. Kwa nini Jumapili nne hujaja, unaumwa? Nikamwambia kwamba umejua sasa kosa halikuwa lako, ndiyo maana.

Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa sababu ya nyonga. Nakuandikia kama alivyosema, sijaongeza neno.

"Unafikiri mimi sikujua hana kosa? Niliinuka mwenyewe. Kila siku aliniambia, Bibi, usiinuke peke yako, na mimi niliona aibu kulowesha kitanda. Angeniuliza ningemwambia. Lakini alikuja akapiga magoti, akalia, akanichana nywele, akakaa mpaka saa kumi na moja. Jumapili ya pili akaja tena. Binti yangu Amisha yuko Canada, ananiona kwenye simu siku ya Diwali. Nikajisemea, Rupa, nyamaza. Ukimwambia hana kosa atashukuru, ataenda zake. Kwa hiyo nikamsamehe. Kila Jumapili nikamsamehe upya." Akavuta blanketi. "Nimemfanya mtoto wa watu abebe mzigo usio wake ili nipate wa kuongea naye. Mimi na wewe tumemfanyia kitu kimoja, fundi."

Nikamwambia hapana, mama, haifanani. Hakutaka kusikia. Alitazama nje, watu walikuwa wanashuka kutoka kwenye treni. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, siyo ile ya kugomba:

"Sasa kama hana kosa, atakuja kufanya nini?"

Nikamwambia nitakuandikia, nikuulize.

Telesphor